Mrunda wa Kumi na Tatu

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Julai, fundi Majidi Kapaya hakurudi nyumbani kula mchana. Mkewe, Mwanajuma, alipakua ugali na kisamvu, akafunika kwa kawa, akasubiri. Saa saba ikapita. Saa nane kasoro robo shemeji yake aliingia uani bila kupiga hodi, akasimama karibu na pipa la maji, akamwambia akae chini kwanza. Mwanajuma alikuwa ameshakaa. Ndivyo alivyojua.

Majidi alizikwa jioni hiyohiyo. Jumanne ya wiki iliyofuata, jalada la kifo chake lilitua mezani kwa Sajini Koleta Jilala wa ofisi ya upelelezi, Tabora mjini. Lililetwa na bosi wake, Inspekta Masolwa, aliyelishika kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Hili limeshaiva, Koleta. Lisome, linyooshe Kiswahili chake. Ijumaa saa nne liende kwa waendesha mashtaka, wao walifunge. Mwenye kosa ndiye aliyekufa, sasa utamfunga nani?"

Koleta alisoma. Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Mzee Abdulatifu, mfanyabiashara wa Kanyenye, alikuwa anajenga duka, na chumba juu yake, mbele ya nyumba ya kale ya ukoo wake. Baraza la bati lilivunjwa, likamwagwa zege la kuwa sakafu ya chumba hicho. Fundi mkuu alikuwa Majidi. Siku ya tisa baada ya kumwagwa, zege liliporomoka likamuua Majidi aliyekuwa chini yake. Mwisho wa ukurasa wa nne, kwa mwandiko wa Masolwa, kulikuwa na sentensi hii: *Marehemu, kwa uzembe wake mwenyewe, aliondoa nguzo (mirunda) za kushikilia zege kabla ya muda wake.*

"Afande, hapa umeandika nguzo, halafu kwenye mabano mirunda. Ipi ni ipi?"

"Si kitu kilekile? Mti umesimama, juu umeshika kitu."

"Kama ni kitu kilekile, mabano ya nini?"

Masolwa alicheka. "Ndiyo maana kituo ulichotoka hawakukufanyia hata soda ya kukuaga. Ijumaa, Koleta. Saa nne."

Aliporudi kwenye jalada aliona maelezo yalikuwa mawili tu. Mzee Abdulatifu alisema Majidi alitoa mirunda minne asubuhi hiyo, akawa kwenye wa tano, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuipeleka kwenye kazi nyingine. Zabibu, fundi cherehani aliyekuwa akishonea pale palipokuwa baraza, alisema kabla tu ya zege kuanguka marehemu alimfukuza kwa hasira na kumpigia teke kiti. Maelezo ya tatu hayakuwepo. Msaidizi wa Majidi, kijana wa miaka thelathini aitwaye Adinani, alitoweka siku ile na hajaonekana tena. Masolwa alikuwa ameandika pembeni: *Ametoroka. Anajua kosa lao.*

Koleta alifungua daftari lake ukurasa mpya. Upande wa kushoto aliandika *nguzo*, wa kulia *mrunda*, akapiga mstari katikati.

*

Mwanajuma alikuwa eda. Hakutoka, kwa hiyo Koleta ndiye aliyekwenda. Alimkuta chumba cha ndani, amekaa mkekani, nguo nyeupe, mgongo ukutani. Walisalimiana, Koleta akampa pole, naye akapokea pole hiyo kama anavyopokea chenji mtu asiyeihesabu.

"Mmeshaandika nini huko kwenu?" Mwanajuma aliuliza.

"Bado haijakamilika."

"Kuna neno limeandikwa. Shemeji kaliona. Uzembe."

Koleta hakukataa.

"Hapa mtaani limeshafika. Wanaokuja kunipa pole wanalijua, wanakaa nalo hapo mlangoni. Sikuombi uniandikie uzuri, afande. Kama neno hilo ni lake, libaki. Kama si lake, litoke. Basi."

"Alikuwa mtu wa haraka?"

"Majidi? Kula tu alikuwa anamaliza watoto wameshalala."

"Alikuwa na kazi nyingine iliyokuwa inasubiri mirunda?"

"Hakuwa nayo. Alikuwa na hiyo moja tu, na ilikuwa imemshinda." Akakunja pindo la nguo. "Zege lile hakulimwaga yeye."

Koleta aliinua kalamu. "Lilimwagwa na nani?"

"Sijui. Ijumaa ya tarehe nne tulikwenda Puge, kafiwa na mama yake mkubwa. Tumelala siku mbili. Jumapili tunarudi, anapita pale kuangalia kazi yake, anakuta zege liko juu. Alikuja nyumbani hajasema neno. Siku zote tisa zile akawa ananiambia kitu kimoja: nguzo, nguzo, mzee hataki nguzo. Nikamwambia, si uache kazi? Akasema, nikiacha nani atakuwa anaiangalia?"

"Maneno haya uliyasema kwa waliokuja mwanzo?"

"Hakuna aliyekuja. Walisema niko eda."

*

Jumatano asubuhi Koleta aliazima mtu kutoka manispaa. Walimpa Asmahani, fundi sanifu wa majengo, mwanamke mwembamba mwenye kofia ngumu juu ya hijabu na bomba la ramani kwapani.

"Afande, siku zote polisi wananiita nikiegesha pikipiki vibaya. Leo nimepanda cheo."

Nyumba ya mzee Abdulatifu ilijengwa na babu wa babu yake, enzi misafara ya kwenda Ujiji ilipokuwa ikipumzika mjini hapa. Kuta zake zilikuwa nene kama urefu wa mkono, na zilikuwa zimesimama. Mbele yake, palipokuwa na baraza, zege lilikuwa limelala katika mapande matatu, nondo zimejitokeza. Utepe wa polisi ulikuwa umelegea. Kando ya barabara mbwa mmoja alilala juani.

Asmahani aliikunjua ramani juu ya tanki la pikipiki yake. "Hii ndiyo tuliyoipitisha. Nguzo nne mbele. Moja huku, moja kule, mbili katikati. Sasa twende tukazione."

Ya kushoto ilikuwepo, ya zege, imepasuka kichwani. Ya kulia pia. Katikati, Asmahani alichukua koleo akafukua mahali pawili. Kila mahali alikuta shimo lililochimbwa kwa ustadi, pembe zake nne, kisha likafukiwa mchanga mtupu. Hakukuwa na kokoto wala nondo.

"Hazikuwahi kujengwa," alisema, safari hii bila utani.

Koleta alitoa daftari. "Nifundishe kama mtoto wa darasa la tatu. Nguzo na mrunda. Wenzangu wanasema ni kitu kimoja."

"Wenzako wanalala kwenye nyumba zilizojengwa na nani?" Asmahani alipiga kofi nguzo ya kushoto. "Hii nguzo. Imeanzia chini ardhini, ina nondo nne ndani, imefungwa ringi. Uzito wa juu unaingia kichwani unashuka mpaka kwenye msingi, mambo yanaishia hapo. Imekuja kukaa. Jengo likiwepo nayo ipo." Akaokota kipande cha mkaratusi kilichovunjika, mnene kama paja la mtu. "Huu mrunda. Unasimama juu ya kipande cha ubao, na chini unakazwa kwa kabari mbili zinazotazamana. Unajua kwa nini kabari? Kwa sababu siku unaposimamishwa, kila mtu anajua kuna siku utatolewa. Kazi yake ni kulishika zege likiwa bichi mpaka lijishike lenyewe."

"Likishajishika, uzito wake unakwenda wapi?"

Asmahani alimtazama. "Kuna wahandisi hawajawahi kuniuliza hivyo. Unakwenda kwenye nguzo. Mrunda unashika mahali pa nguzo kwa muda tu. Jina hilo si la mti, afande, ni la kazi. Hata chuma kinaweza kuwa mrunda, na mti ukiwa nguzo ni nguzo. Unachouliza ni kimoja: mzigo huu utakaa hapa mpaka lini?"

"Kwa hiyo siku tisa zilikuwa mapema."

"Siku tisa ni mapema. Lakini bila zile nguzo mbili, hapa hata siku mia zingekuwa mapema. Hii mirunda ilikuwa inafanya kazi ya nguzo, na haikuwekwa kwa kazi hiyo."

Koleta aliandika yote, chini ya neno moja kisha chini ya neno la pili. Jambo lilianza kueleweka, ila halikumsaidia Majidi. Kama mirunda ndiyo iliyokuwa ikibeba kila kitu, basi aliyeitoa aliua. Na jalada lilisema aliyeitoa ni Majidi.

Walizunguka nyuma ya nyumba. Pale ukutani mirunda minne ilikuwa imelazwa, mizima, misafi, haina hata vumbi la zege. Karibu yake palikuwa na ndoo yenye kabari nane.

"Minne iliyotolewa," Koleta alisema. "Hapa mzee hakudanganya."

Akachuchumaa. Kabari ni kipande cha mti mgumu, upande mmoja mnene, upande mwingine umechongwa ukawa mwembamba. Alitoa zote akazipanga chini.

"Ukitaka kukaza mrunda unapiga wapi?"

"Kwenye unene. Inaingia ndani, mrunda unapanda."

"Ukitaka kuutoa?"

"Unapiga kwenye wembamba. Inarudi ilikotoka."

Kabari zote zilikuwa na alama za zamani kwenye unene, za mviringo, ndogo kama kizibo cha soda. Alama hizo Koleta alizijua; jana yake, katika stoo ya kituo, alikuwa ameishika nyundo ya Majidi, na uso wake ulikuwa wa mviringo. Lakini nne kati ya zile nane zilikuwa na alama mpya upande mwembamba, na hizo hazikuwa za mviringo. Zilikuwa na pembe nne, ndefu, zimekandamiza mti mpaka ukachanika.

"Hii si nyundo," Asmahani alisema. "Hiki ni kisogo cha shoka. Hakuna fundi anayetoa mirunda kwa shoka, anaharibu kabari zake mwenyewe."

Walirudi mbele. Koleta alitaka kuhesabu mirunda iliyobaki chini ya kifusi, lakini mingi ilikuwa imekatika vipande viwili vitatu. Waliamua kuhesabu miguu: kila mrunda una ncha moja iliyokatwa kwa msumeno ikakaa juu ya kabari. Kazi iliwachukua mpaka saa sita. Asmahani alikuwa anainua kwa mtaimbo, Koleta anaingiza mkono, anaandika.

Miguu ilikuwa tisa.

Mguu wa tisa ulikuwa mahali ambapo chaki ya polisi ilionyesha mwili ulipolala. Mti wake ulikuwa bado na maganda. Kabari zake zilikuwa zimeingia nusu tu. Koleta alizifuta vumbi kwa kidole. Kwenye unene palikuwa na alama mpya za mviringo, tano au sita, moja juu ya nyingine. Upande mwembamba haukuwa na kitu.

Ng'ambo ya barabara, chini ya bati la duka la dawa, Zabibu alikuwa amesimamisha cherehani yake akiwatazama. Koleta alivuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnatafuta nini tena, mwanangu? Si mmeshamaliza?"

"Uliandikisha kwamba Majidi alikufukuza kwa hasira. Alisemaje hasa?"

"Alisema, Zabibu toka. Nikamwambia subiri nimalize pindo. Akakipiga kiti teke, nikaanguka na magoti. Nikamtukana." Alishusha sauti. "Nilimtukana, nikavuka barabara, bado namtukana. Nikageuka."

"Alikuwa ameshika nini?"

"Mti. Alikuwa nao begani."

"Anatoka nao?"

"Anaingia nao. Alitoka nao kule kwenye ujenzi wa jirani, akaingia."

"Na ile nafasi ya katikati, iliyokuwa na mirunda minne. Ulipofika asubuhi ilikuwaje?"

"Ilikuwa wazi. Saa moja na nusu mimi niko hapo. Wapagazi wa mzee walikuwa wanapitisha friji."

"Majidi alifika saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu huko. Akasimama katikati pale akatazama juu. Ndipo akamtuma yule msaidizi wake kwa baiskeli."

"Mbona hukuyasema haya mwanzo?"

Zabibu aliinua mguu kwenye pedeli, sindano ikaanza kwenda. "Yule afande aliuliza kama alikuwa na hasira. Nikamwambia alikuwa nayo."

*

Alhamisi alfajiri Koleta alipanda pikipiki ya kituo kuelekea Sikonge. Ndugu wa Adinani walikuwa wakulima wa tumbaku kilomita sita ndani ya miombo, na msimu wa kukausha ulikuwa umekwisha. Nyumbani alimkuta mjomba wake, Lugembe, anatengeneza mzinga.

"Mwangaluka, baba," Koleta alimsalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mayu. Hapa hayupo."

"Sijasema namtafuta nani."

Mzee Lugembe alitabasamu kidogo, akaendelea kuchonga. "Mwenye viatu hivyo hatafuti asali."

"Mwambie sikuja na pingu. Nina swali moja. Mirunda pale Kanyenye mlisimamisha mingapi?"

Jibu lilitoka ndani ya bani la kukaushia tumbaku lililokuwa wazi hatua kumi kutoka pale. "Kumi na miwili."

Adinani alijitokeza akiwa na majani makavu kwenye nywele. Alikuwa amekonda. Alikaa chini mwenyewe, miguu mbele, kama mtu aliyeambiwa.

"Una hakika?"

"Nimeikata mwenyewe. Bosi alisimamisha kumi na miwili, kwa ajili ya kufunga mbao na nondo. Zege lilikuwa bado. Alisema kwanza nguzo mbili za katikati zipande, ndiyo tumwage. Alipokwenda Puge mzee akaleta watu wake na mashine, wakamwaga siku moja. Mimi nilikataa kushika koleo. Wakanicheka."

"Kwa nini mzee hakutaka nguzo?"

"Zinaziba uso wa duka, alisema. Anataka kioo kutoka pembe hadi pembe. Bosi alikuwa anamwambia kila siku: mzee, mrunda una tarehe yake, nguzo haina. Mzee anamjibu, mti ni mti, nyumba hii imesimama juu ya miti tangu babu zangu."

"Jumatatu Majidi alikutuma nini?"

"Mirunda sita, mirefu, upesi. Alisema zege limeshuka, ameliona kwa macho. Nikaenda kwa muuzaji, nikafunga miwili kwenye baiskeli, mingine ifuate kwa mkokoteni. Nimerudi..."

"Kwa nini ulikimbia, Adinani?"

"Mzee alinishika mkono. Akaniambia, bosi wako kaua na wewe ulikuwa naye, polisi wanakuja, nenda kwenu mpaka mambo yapoe. Akanipa nauli. Nilimwona ni mtu mzima, anajua." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikwenda hata kuzika."

Koleta alipiga hesabu kwa kalamu ingawa alikuwa ameshaifanya kichwani. Nyuma ya nyumba, minne. Chini ya kifusi, tisa. Ikawa kumi na mitatu. Mtu anayetoa mirunda kwenye kumi na miwili hawezi kuacha kumi na mitatu.

"Panda," alimwambia. "Utaandikisha maelezo, kisha utalala kwako."

*

Mzee Abdulatifu alikuja kituoni saa tisa alasiri, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono. Koleta alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimeshaandikisha kila kitu kwa mkubwa wako."

"Ndiyo. Kuna sehemu sikuielewa. Nguzo zako za katikati ziko wapi?"

"Zote ziliangukia mle."

"Hizo ni mirunda, mzee. Naulizia nguzo. Ramani ina nne."

"Tungezijenga baadaye."

"Baada ya zege kukaa juu?"

"Mirunda ilikuwepo."

"Aliyetoa minne ni nani?"

"Majidi. Nimesema."

"Alitumia nini?"

"Nyundo yake. Fundi atatumia nini?"

Koleta aliweka mezani kabari moja ya ndoo, kisha shoka lililochukuliwa asubuhi hiyo kutoka kwa wapagazi wa mzee. Alikilaza kisogo cha shoka juu ya alama. Kilikaa sawasawa. Akaweka kabari ya pili, ile yenye vumbi jeupe. "Hii tuliikuta pale mwili ulipolala. Imepigwa kwenye unene. Alikuwa anakaza. Na mrunda wenyewe haukuwa miongoni mwa kumi na miwili yako. Ni wa kumi na tatu. Aliuleta."

Mzee alitazama kabari zote mbili muda mrefu. Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha gari, likikataa.

"Friji lilikuwa halipiti," alisema.

Koleta aliandika.

"Liko pana. Lilikuja Jumapili na lori, limelala nje. Jumamosi ile ningefungua duka. Nikawaambia vijana watoe miti minne, wapitishe, wairudishe jioni." Alivua kofia akaiweka gotini. "Binti, wewe ni mgeni kwenye nyumba ile. Kila harusi ya ukoo wetu kitanda cha bibi harusi kinaingilia mbele. Hakipiti barazani. Tunang'oa nguzo ya mninga, kitanda kinaingia, ngoma inapigwa, jioni tunairudisha nguzo shimoni. Baba alifanya. Nami nimefanya harusi tatu. Bati halikuwahi hata kulia."

"Lilikuwa bati, mzee."

"Nguzo nilikuwa nazing'oa." Alisema taratibu, kama anayehesabu. "Hizo nguzo zenyewe. Nitaogopa mirunda?"

"Majidi alikwambia?"

"Aliniambia."

"Mara ngapi?"

Mzee Abdulatifu aliinua mkono, akaushusha. "Nilidhani anataka kazi iongezeke."

Koleta alimsomea maelezo yake. Mzee alirekebisha mahali pamoja tu, tarehe ya friji, kisha akasaini kwa mwandiko mzuri.

Masolwa aliyasoma akiwa amesimama mlangoni. Alirudia ukurasa wa pili. Halafu akachukua kalamu, akaikata sentensi yake mwenyewe, nguzo, mabano na yote, akaweka sahihi pembeni ya mkato kama kanuni inavyotaka. "Andika yako," alisema. Hakutania.

*

Ijumaa saa nne jalada lilikwenda kwa waendesha mashtaka. Saa tano mzee Abdulatifu aliwekwa mahabusu kwa kosa la kuua bila kukusudia. Saa sita Koleta alikuwa mkekani kwa Mwanajuma, akimsomea.

"*Marehemu alifariki wakati akiongeza mrunda chini ya zege ambalo nguzo zake mbili hazikujengwa, na ambalo mirunda yake minne ilikuwa imetolewa na watu wengine kwa amri ya mwenye nyumba.*"

"Rudia."

Koleta alirudia.

"Uzembe haumo."

"Haumo."

Jikoni mtu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, sauti yake ikawa inakwenda na kurudi.

"Zabibu alitoka," Mwanajuma alisema.

"Alitoka."

"Na yeye angeweza kutoka?"

Koleta alilifunga daftari. "Angeweza."

Mwanajuma aliitikia kwa kichwa, mara moja. Hakulia. Alinyoosha mkono akasawazisha mkeka uliokuwa umejikunja karibu na goti la Koleta.

"Vitu vyake alivyokuwa navyo siku ile. Nguo nimeletewa. Nyundo sijaletewa."

"Nyundo ni ushahidi, dada. Itakaa kituoni mpaka kesi iishe."

"Itaisha lini?"

"Jumatatu mzee anasomewa mashtaka. Baada ya hapo itakuwa inatajwa na kuahirishwa. Miaka miwili. Inaweza kuwa mitatu."

"Miaka mitatu."

"Ikiisha, unakwenda na kitambulisho na cheti cha kifo, unaandika barua, unapewa."

Mwanajuma aliomba karatasi. Koleta alichana moja kutoka nyuma ya daftari, akamwandikia namba ya jalada, na chini yake namba ya nyundo. Ni kielelezo namba tatu. Iko stoo, rafu ya chini, na stoo hufunguliwa Jumanne na Alhamisi.